Louis Leakey: alianza na dinosaria, akaishia kwa mababu wa wanyama wetu

MAKOBOLA – Perere anayelia usiku katika misitu ya milima ya Kivu hafanani na tembo hata kidogo. Ni mdogo kama sungura, anapanda miti, na wawindaji wanamjua vizuri. Lakini wataalamu wa wanyama wamehakikisha kwamba hao wawili ni wa ukoo mmoja, pamoja na sange mwenye pua ndefu, muhanga anayefukua mchwa, hata nguva wa baharini. Wote wametokana na mamalia wadogo walioishi Afrika baada ya dinosaria kutoweka, miaka milioni 66 iliyopita. Wakati huo bara letu lilikuwa kama kisiwa kikubwa, halijaungana na Asia.

Kati ya watu waliofungua njia ya kuijua habari hiyo yumo Louis Leakey. Wengi wanamkumbuka kama mtafutaji wa binadamu wa kale tu, lakini hiyo ni nusu ya kazi yake.

Anayesafiri kutoka Uvira kwenda Baraka, akifika Makobola, ana Ziwa Tanganyika upande wa kushoto na milima upande wa kulia. Huo ni mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Mkono wa mashariki unapasua Kenya na Tanzania, na huko ndiko Leakey alikopata jina.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 Kabete, karibu na Nairobi. Wazazi wake walikuwa wamisionari Waingereza. Alikua na watoto wa Kikuyu, akasema lugha yao kama mwenyeji, na akaingizwa katika rika lao. Alipokuwa mwanafunzi Cambridge aliumia kichwa katika mchezo wa raga, ikambidi apumzike masomo. Jumba la makumbusho la London lilikuwa linatafuta mtu wa kusindikiza msafara wa kuchimba dinosaria Tendaguru, karibu na Lindi, kusini mwa Tanganyika. Kijana huyo alijua Kiswahili na maisha ya porini, basi akachukuliwa. Ilikuwa mwaka 1924.

Tendaguru ilikuwa imekwisha kuchimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Walibeba hadi Berlin mifupa ya mnyama mkubwa kupita nyumba ya ghorofa. Jambo ambalo halitajwi sana ni kwamba katika mizigo yao kulikuwa pia na kipande cha taya ndogo sana, kisicho na meno: taya ya mamalia. Maana yake, miaka kama milioni 150 iliyopita mababu wa wanyama wanaonyonyesha walikuwa tayari wapo Afrika, wadogo kama panya, wakiishi miguuni pa dinosaria. Leakey alijifunza huko namna ya kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja, kisha akarudi masomoni. Kiongozi wake, William Cutler, alibaki. Malaria ilimuua mwaka 1925.

Pigo la Leakey lilikuja baadaye. Mwaka 1932, huko Kanam kando ya Ziwa Victoria, mfanyakazi wake Juma Gitau alipata kipande cha taya ya mtu. Leakey akatangaza kwamba ni ya zamani mno. Mwaka 1935 mtaalamu wa miamba, Percy Boswell, alitoka Uingereza kuja kuhakikisha. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe. Vyuma alivyosimika kama alama vilikuwa vimechukuliwa na wenyeji, na picha aliyotoa ilikuwa ya mahali pengine. Jina lake likachafuka miaka mingi. Mchimbaji wa dhahabu wa Misisi angemwelewa Boswell mara moja: usipojua tabaka ulilotoa kitu, huwezi kusema habari zake.

Kazi iliyomwinua tena ilifanyika karibu na hapo hapo, kwenye kisiwa cha Rusinga. Miaka kama milioni 18 iliyopita volkeno ya Kisingiri ilikuwa inamwaga majivu pande hizo, yakafunika kila kitu. Ndiyo sababu vitu vya ajabu vilihifadhika: matunda, mbegu, wadudu, hata viwavi. Oktoba 1948 mke wake Mary aliona fuvu la Proconsul, sokwe wa kale asiye na mkia, akalipeleka Uingereza kwa ndege. Magazeti yaliandika juu ya fuvu hilo tu.

Lakini masanduku yalijaa meno na taya za wanyama wengine. Walikuwemo sange ambao tofauti yao na wa leo ni ndogo. Walikuwemo jamaa wa perere, na jamaa wa tembo wenye pembe zilizopinda kwenda chini kutoka taya la chini. Hao ndio wenyeji wa kisiwa cha zamani. Pamoja nao walikuwepo wageni: faru na wanyama wala nyama, ambao mababu zao waliingia kutoka Asia mabara yalipogusana. Rusinga ilikuwa kama soko ambapo wenyeji na wageni walikutana. Mwaka 1951 London ilianza kuchapisha mfululizo wa vitabu juu ya mamalia wa kale wa Afrika. Cha kwanza kiliandikwa na Leakey pamoja na Le Gros Clark.

Kongo pia iliguswa. Julai 1959 Mary alipata Olduvai fuvu walilolipa jina la Zinjanthropus, na mwezi uliofuata walilileta Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwenye mkutano wa wataalamu wa historia ya kale ya Afrika. Mwaka 1960 Leakey alimtuma Jane Goodall kuchunguza sokwe wa Gombe, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Goodall alikuta Kigoma imejaa Wabelgiji waliokimbia Kongo.

Si yote ya kusifiwa. Wakati wa vita vya Mau Mau, Leakey aliitumikia serikali ya kikoloni, na alikuwa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta.

Alikufa London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Uchunguzi wa chembe za urithi uliounganisha tembo, perere na sange katika ukoo mmoja ulikuja zaidi ya miaka 20 baadaye. Sokwe wa Rusinga naye alipewa jina jipya la kitaalamu mwaka 1993: heseloni, kutokana na Heselon Mukiri, Mkikuyu aliyechimba pamoja na Leakey tangu ujana wao.