Moyo wa Mzee Kenyatta uliofanywa siri ya dola

ALFAJIRI ya Jumanne, Agosti 22, 1978, Mzee Jomo Kenyatta alikata roho katika Ikulu ya Mombasa. Siku iliyotangulia alikuwa Msambweni, Kwale, miongoni mwa wananchi, kama ilivyokuwa desturi yake kila alipopumzika Pwani. Redio ya taifa haikuitoa habari hiyo hadi mchana. Wakati huo mwili ulikwisha kusafirishwa Nairobi, na siku iyo hiyo Makamu wa Rais Daniel arap Moi akala kiapo.

Taifa lilishtuka. Hata hivyo, kwa daktari wake na mawaziri wachache wa karibu, msiba huo haukuwa wa ghafla. Moyo wa Mzee ulikuwa na matatizo kwa miaka mingi, na maradhi hayo yalikuwa miongoni mwa siri zilizolindwa mno na serikali yake.

Kenyatta alizaliwa Gatundu, Kiambu, katika miaka ya 1890, akaitwa Kamau. Alisomea misheni ya Waskoti huko Thogoto na kubatizwa mwaka wa 1914. Mnamo 1928 alikuwa mhariri wa gazeti la Muigwithania. Mwaka uliofuata akasafiri London kutetea ardhi ya Wakikuyu. Alirejea huko 1931 akakaa miaka 15. Alisoma elimu ya jamii za watu chini ya Profesa Bronislaw Malinowski, akachapisha kitabu chake Facing Mount Kenya mwaka wa 1938, na wakati wa vita akafanya kazi za shamba Sussex. Alirudi nyumbani Septemba 1946, na mwaka wa 1947 akachaguliwa rais wa chama cha KAU.

Usiku wa Oktoba 20, 1952 alikamatwa. Aprili 1953 yeye na wenzake watano walihukumiwa huko Kapenguria kifungo cha miaka saba na kazi ngumu, wakapelekwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana. Mmoja wao alikuwa Paul Ngei, mwana wa Machakos. Wafungwa wengine walipasua mawe. Kenyatta, kwa sababu ya umri wake, aliwekwa jikoni kuwapikia. Katika miaka hiyo hiyo, wafungwa wengine wa hali ya hatari walikuwa wakichimba kwa mikono Mfereji wa Yatta, unaoteka maji ya Mto Thika na kuyafikisha hadi Matuu. Mfereji huo ndio uliofanya mboga na matunda yaote katika ardhi iliyozoea ukame. Nitaurejea punde, kwa kuwa unanisaidia kueleza jambo.

Kenyatta aliachiliwa Agosti 1961, akawa Waziri Mkuu Juni 1963 na Rais Desemba 1964. Alikuwa na umri wa takriban miaka 70, na kazi nzito ndiyo kwanza ilikuwa ikianza.

Mei 1968, akiwa Mombasa, alipatwa na kiharusi. Wananchi hawakuelezwa, lakini matokeo yake yalionekana Bungeni. Mwaka huo huo Katiba ilibadilishwa: Rais akifa, Makamu wake angeshika hatamu kwa siku 90, kisha uchaguzi ufanyike. Sheria ya awali iliwaachia wabunge jukumu la kumteua mrithi, na wakuu wa serikali walihofia kwamba Tom Mboya, aliyekuwa na wafuasi wengi Bungeni, angefaidika. Ni nadra mshipa mmoja wa damu kuandika upya katiba ya nchi.

Kiharusi na mshtuko wa moyo ni ndugu wa tumbo moja. Moyo ni msuli, na kama msuli mwingine wowote huhitaji damu yake wenyewe, inayopitia mishipa myembamba iliyouzunguka. Hapa ndipo Mfereji wa Yatta unapotufaa. Mfereji ukijaa tope kidogo kidogo, mkulima wa mwanzo huenda asitambue lolote, ila wa mwisho ataona mimea yake ikinyauka. Ndivyo mafuta yanayoitwa lehemu yanavyojikusanya katika kuta za mishipa kwa miaka mingi bila maumivu. Siku moja utando huo hupasuka, damu huganda juu yake na njia huzibika. Zibo likiwa katika mshipa wa moyo, sehemu ya msuli hufa. Likiwa ubongoni, mtu hupooza. Kuna pia kiharusi kinachotokana na mshipa kupasuka, na hapo shinikizo la damu ndilo mshukiwa wa kwanza.

Shinikizo la damu, ambalo watu hupenda kuliita presha, huziumiza kuta za mishipa na kuifungulia lehemu mlango. Kisukari hufanya vivyo hivyo, na tumbaku pia. Kenyatta aliugua vilevile jongo, ugonjwa wa viungo ambao aghalabu huandamana na shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Umri nao huongeza hatari, na hauna dawa. Mengine yana dawa au kinga: chumvi isiyozidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, mwendo wa miguu, kuacha sigara. Aliyeacha sigara hupunguza hatari yake ya ziada kwa takriban nusu katika mwaka mmoja tu.

Si wazee peke yao, hata hivyo. Katika Afrika Mashariki watoto wengi huharibiwa vali za moyo na homa inayofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa kwa penisilini. Mzazi anayelipuuza koo la mtoto huenda asijue anachokipuuza.

Dalili za mshtuko wenyewe hufahamika: maumivu au uzito kifuani unaosambaa mkono wa kushoto, shingoni au tayani, jasho jembamba, pumzi fupi. Mwenye kisukari anaweza asihisi maumivu yoyote. Mtu wa aina hii hapaswi kusubiri kupambazuke. Hospitali ndipo mahali pake.

Mzee alikuwa na daktari, na bado wakuu walinyamaza. Mwaka wa 1976, kundi la wanasiasa lilipotaka Katiba igeuzwe ili Makamu asirithi kiti moja kwa moja, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alitoa onyo Oktoba: ni kosa la jinai mtu kuwaza au kukusudia kifo cha Rais. Ikawa hatari kuutaja ugonjwa ambao kila mwanasiasa aliupigia hesabu kimoyomoyo.

Tiba nayo ilikuwa changa. Mshipa wa moyo wa binadamu ulizibuliwa kwa kipulizo kwa mara ya kwanza Zurich Septemba 1977, miezi 11 tu kabla ya Kenyatta kufariki. Dawa za kupunguza lehemu zinazoandikwa leo katika hospitali za kaunti hazikuwa zimeingia sokoni. Leo mkazi wa Matuu hupimwa shinikizo katika hospitali ya mjini mwake kwa dakika chache, jambo ambalo, kwa maoni yangu, wanaume wa umri wangu huliahirisha mno.

Ngei, mfungwa mwenzake wa Lokitaung, aliishi hadi Agosti 15, 2004. Kisukari kilimmalizia uzee wake katika kiti cha magurudumu.

Kenyatta alizikwa Agosti 31, 1978 katika viwanja vya Bunge, Nairobi. Jeneza lake lilivutwa juu ya gari la mzinga lililotoka Uingereza, lile lililombeba Winston Churchill mwaka wa 1965. Siku zile 90 zilizowekwa kwa sababu ya kiharusi cha Mombasa hazikutimia. Oktoba hiyo, baada ya kukosa mpinzani, Moi aliapishwa kuwa Rais wa pili wa Kenya.