Ignatius wa Loyola: Askari Majeruhi Aliyepata Roho Mpya

Kila ifikapo tarehe 31 Julai, makanisa ya Kikatoliki duniani humkumbuka mtu ambaye waumini wengi humjua kuwa ni padri na mwanzilishi wa shirika kubwa la watawa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya hayo yote alikuwa mtu wa silaha, tena majeruhi wa vita. Kwa askari na polisi wanaosoma ukurasa huu, sehemu hiyo ya maisha yake ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu yaliyompata baada ya vita yalikuwa mazito kuliko yaliyompata vitani.

Alizaliwa mwaka 1491 katika kasri la Loyola, katika nchi ya Wabaski, kaskazini ya Hispania, akabatizwa kwa jina la Iñigo. Alikuwa kitinda mimba katika jamaa kubwa ya kikabaila. Alipokuwa kijana alipelekwa Arévalo kulelewa nyumbani kwa Juan Velázquez de Cuéllar, mweka hazina mkuu wa Castile, na huko akajifunza upanga, adabu za baraza na mapenzi ya mavazi mazuri. Hakuwa kijana mpole. Mwaka 1515 yeye na nduguye mmoja walishtakiwa kwa fujo walizofanya usiku huko kwao Azpeitia wakati wa sherehe. Bwana wake alipoanguka madarakani na kufariki mwaka 1517, Iñigo aliingia katika utumishi wa mtawala wa Navarre, Mtemi wa Nájera.

Mwezi Mei 1521 jeshi la Wafaransa liliivamia Navarre, nchi ambayo Hispania ilikuwa imeitwaa mwaka 1512. Wenyeji wa mji wa Pamplona waliwafungulia malango. Ilibakia ngome peke yake, na ndani yake kikosi kidogo. Maafisa walitaka kusalimu amri. Iñigo, aliyekuwa na umri upatao miaka thelathini, alisimama akawashawishi wapigane. Kwa mizani ya kijeshi sisi tuliopitia shule ya makadeti tungesita kumsifu: ujasiri anao, bali hesabu ya nguvu za adui hakuifanya. Kabla ya mizinga kuanza, kwa kuwa padri hakuwapo, aliungama dhambi zake kwa askari mwenziwe. Tarehe 20 Mei tufe la mzinga lilipita katikati ya miguu yake, likauvunja vibaya mguu wa kulia na kuujeruhi wa kushoto. Alipoanguka yeye, na ngome ikaanguka.

Wafaransa walimtendea kwa heshima. Waliuunga mguu wake, kisha baada ya siku chache wakamwachilia abebwe kwa machela mpaka kwao, safari ya milima. Huko Loyola matabibu waliona kwamba mifupa haikukaa sawa, wakaivunja tena ili waiunge upya. Dawa ya usingizi haikuwako zama hizo. Inasimuliwa kwamba hakutoa sauti, alikunja ngumi tu. Mwishoni mwa mwezi Juni hali yake ilikuwa mbaya hata akapewa sakramenti za mtu anayekufa. Hata hivyo akanusurika.

Mguu ulipopona, mfupa mmoja ulibaki umetokeza chini ya goti, na mguu umekuwa mfupi. Jambo hilo halikumzuia kuishi, ila lingemzuia kuvaa buti za kubana zilizokuwa fahari ya vijana wa barazani. Basi akaamuru mfupa ule ukatwe kwa msumeno. Matabibu walimwonya juu ya maumivu, naye akashikilia neno lake. Alipitia mateso yale yote kwa ajili ya buti, na bado alichechemea mpaka siku ya kufa kwake.

Akiwa kitandani, aliomba hadithi za mashujaa wa upanga. Nyumbani hazikuwamo. Akaletewa kitabu cha maisha ya Yesu na kingine cha maisha ya watakatifu, akavisoma kwa kukosa vingine. Katika saa ndefu za kulala chali akawa na ndoto za mchana za namna mbili. Mara alijiona anamtumikia bibi mmoja wa ukoo mkuu, kwa silaha na kwa maneno matamu. Mara alijiona anakwenda Yerusalemu bila viatu, akila majani kama watawa wa kale. Ndoto zote mbili zilimfurahisha zilipokuwa zikiendelea, ila baada ya ya kwanza moyo ulibaki mkavu, na baada ya ya pili ulibaki umetulia. Siku moja akaitambua tofauti hiyo, na hapo ndipo yalipoanzia mageuzi yake. Hakutokewa na radi. Alichofanya ni kupeleleza mawazo yake mwenyewe, kama skauti anavyochunguza nyayo ajue zatoka wapi na zaelekea wapi.

Mapema mwaka 1522 aliondoka kwao akipanda nyumbu, akaenda kwenye monasteri ya Montserrat. Aliungama dhambi za maisha yake yote, kazi iliyochukua siku tatu, akampa maskini mmoja nguo zake nzuri, akatundika upanga na jambia mbele ya altare ya Bikira Maria, akakesha pale usiku wa tarehe 24 Machi kama askari aliye lindoni. Asubuhi alishuka kuelekea mji mdogo wa Manresa. Mguu mmoja ulikuwa mtupu. Ule uliovunjika aliuvisha kiatu cha kamba, maana ulikuwa ukivimba kila jioni.

Wasimulizi wengi huishia hapa, kana kwamba mtu akiisha kutundika upanga amekwisha kupona. Haikuwa hivyo. Manresa alidhani atakaa siku chache. Alikaa karibu mwaka mzima, na kwa miezi kadhaa alikuwa katika giza. Aliomba chakula mitaani, akaacha nywele na kucha zikue ovyo ili kuuadhibu mwili alioupamba zamani, akafunga mno, akalala kidogo. Kisha wasiwasi wa dhamiri ukamwingia. Dhambi alizokwisha kuungama zilimrudia moja baada ya moja. Aliungama tena, akatoka, akakumbuka dogo jingine, akarudi. Padri hakuweza kumtuliza, na sala hazikumpa faraja.

Wakati huo alikuwa akiishi katika chumba kidogo cha nyumba ya watawa Wadominiko, na karibu na mahali alipokuwa akisali palikuwa na shimo kubwa. Mara nyingi alijiwa na wazo la kujitupa humo. Mtu aliyesimama mbele ya mizinga ya Pamplona bila kutetemeka alitetemeka mbele ya shimo lile. Alilia kwa sauti akimwambia Mungu kwamba hatafanya jambo la kumchukiza, akayarudia maneno hayo mara nyingi. Kisha akaazimia kutokula wala kunywa mpaka apate nafuu, akafululiza tangu Jumapili mpaka Jumapili. Alipomweleza padri wake, padri alimwamuru ale. Akatii, akala. Wasiwasi ukaondoka siku mbili, siku ya tatu ukarudi.

Safari hii alifanya alilojifunza kitandani: akatazama wazo lile limetoka wapi na lilikuwa linampeleka wapi. Aliona kwamba lilikuwa likimchosha mpaka ayachukie maisha aliyoyachagua, na akasadiki kwamba wazo la namna hiyo halikutoka kwa Mungu, hata kama lilijivika vazi la toba. Akakata shauri kutoungama tena jambo lolote la zamani. Tangu siku hiyo akafunguka, akiamini kwamba ni huruma ya Bwana iliyomwokoa. Akakata nywele na kucha, akaanza kula nyama. Baadaye, akiwa ameketi kando ya mto Cardoner, alipata mwanga wa akili ambao mpaka uzeeni alisema haukuwa na mfano wake. Maandishi aliyoyaanza huko ndiyo yaliyokuja kuwa kitabu cha Mazoezi ya Kiroho, kilichokubaliwa na Papa Paulo III mwaka 1548.

Mengine tuyapitie upesi. Mwaka 1523 alifika Yerusalemu, wakuu wa watawa wa huko wakamwamuru arudi. Akiwa na miaka 33 aliketi darasani Barcelona kujifunza Kilatini pamoja na watoto. Kwa kuwa alifundisha mambo ya roho bila kuwa msomi wala padri, alitiwa kizuizini siku 42 huko Alcalá na siku 22 huko Salamanca. Hapo Salamanca mahabusu wote walitoroka usiku mmoja. Wenzake wawili walikutwa asubuhi wamekaa gerezani, milango ikiwa wazi. Tarehe 15 Agosti 1534, Paris, yeye na wenzake sita waliweka nadhiri, na mwaka 1540 Shirika la Yesu lilithibitishwa. Mmoja wa wale sita, Francis Xavier, alipitia pwani yetu ya Afrika ya Mashariki akielekea Bara Hindi, akasimama Malindi mwaka 1542.

Ignatius mwenyewe alibaki Roma, mkuu wa shirika, akiandika barua kwa maelfu. Watu wenye wasiwasi wa dhamiri walimwendea, naye aliwapokea kwa upole ambao yeye hakujipa kule Manresa. Watawa vijana waliotaka kufunga kupita kiasi aliwakataza.

Tarehe 30 Julai 1556, akiwa mgonjwa, alimwomba katibu wake Polanco aende kumtakia baraka za Papa. Katibu alikuwa na barua za kupeleka Hispania, akauliza kama kesho haitafaa. Ignatius alijibu kwamba angependa leo kuliko kesho, lakini akamwachia mwenyewe aamue. Katibu akamaliza barua zake. Alfajiri Ignatius alikata roho kabla ya kupakwa mafuta ya wagonjwa.