Toweett: Msomi wa Buret ambaye njia ya Ikulu haikumpitia

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia nchini Kenya, huzuka mjadala ule ule. Je, mtu aliyetoka nje ya safu ya wanasiasa wazoefu, awe profesa, mwalimu au mtaalamu, anaweza kuwania urais na wapigakura wakamwamini?

Katika nchi ya majani chai, kuanzia Kericho hadi Bomet, yapo maisha ya mtu mmoja yanayoweza kuupa mjadala huo uzito. Huyo ni marehemu Dkt Taaitta arap Toweett, mbunge wa zamani wa Buret na aliyekuwa Waziri wa Elimu, ambaye aliaga dunia Oktoba 2007 akiwa na umri wa miaka 82.

Toweett hakuwahi kuwania urais. Hata hivyo, kulikuwa na wakati ambapo sifa nyingi zinazotajwa kuwa za kiongozi wa taifa zilikuwa mikononi mwake: elimu, tajriba ya uwaziri, jina linalojulikana nje ya mipaka ya nchi, na jamii kubwa nyuma yake. Sababu ya sifa hizo kutomfikisha mbali zaidi ni somo kwa kila mgombea anayedhani kuwa shahada zake zitamtangulia.

Alizaliwa mwaka 1925 katika iliyokuwa Wilaya ya Kericho, katika jamii ya Wakipsigis. Ulikuwa wakati mgumu kwa watu wake. Miaka hiyo hiyo ya 1920, kampuni za Kiingereza za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zikipanda mashamba makubwa ya chai katika ardhi ambayo Wakipsigis waliihesabu kuwa yao. Mwaka 1934, Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho wa jamii hiyo, na kuwapeleka Gwassi karibu na Ziwa Victoria.

Kijana aliyekulia katika mazingira hayo alikuwa na njia chache za kujiinua, na shule ilikuwa mojawapo. Toweett alifika Chuo cha Makerere nchini Uganda. Baadaye alipata nafasi ya kwenda Torquay, Uingereza, kusomea masuala ya utawala na ustawi wa jamii. Kwa njia ya posta alijisomea pia shahada ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, wakati ambapo Waafrika wengi wa kwao walikuwa hawajaliona darasa la shule ya upili.

Aliporejea mwaka 1957 aliajiriwa kuwa afisa wa maendeleo ya jamii wilayani Nandi, cheo ambacho hadi wakati huo kilikuwa cha Wazungu. Mwaka uliofuata aliingia katika siasa. Uchaguzi wa Machi 1958 uliongeza viti vya Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria kutoka 8 hadi 14. Toweett alitwaa kimoja kati ya vile viti 6 vipya, akiwakilisha eneo la Kusini.

Katika baraza hilo alimkuta Mkalenjin mwingine, mwalimu kutoka Baringo aliyekuwa ameteuliwa mwaka 1955 na kisha kuchaguliwa mwaka 1957. Jina lake Daniel arap Moi. Kwa miaka 20 iliyofuata, maisha ya watu hawa wawili yalikwenda sambamba, kisha yakaachana.

Kwa kuwatazama wakati huo, mtu angeweza kusema Toweett ndiye aliyeelekea mbali zaidi. Alikuwa amesoma kuliko mwenzake. Mwaka 1960 ndiye aliyekiongoza chama cha Kalenjin Political Alliance, kilichoungana na vyama vya Ronald Ngala wa Pwani, Masinde Muliro wa Magharibi na vyama vya Wamaasai na Wasomali kuunda KADU. Aliketi katika mikutano ya katiba ya Lancaster House mjini London. KADU ilipounda serikali mwaka 1961, baada ya KANU kukataa kufanya hivyo kabla ya Jomo Kenyatta kuachiliwa huru, Toweett alikuwa Waziri wa Leba na Makazi. Mwaka 1962 akapewa wizara ya Ardhi.

Wizara hiyo haikuwa jambo dogo kwa mtu wa Kericho. Hofu kubwa ya wafuasi wa KADU ilikuwa kwamba ardhi ya Bonde la Ufa, Wazungu wakiondoka, ingekwenda kwa jamii zenye watu wengi na nguvu zaidi serikalini. Ndiyo maana chama hicho kilishikilia mfumo wa majimbo.

Lakini bunge la uhuru lilipoketi mwaka 1963, Toweett hakuwamo. Aliyekuwa waziri alirudi kuwa raia wa kawaida mwezi mmoja tu nchi ilipoanza kujitawala. Moi alikuwa bungeni. Novemba 1964 KADU ilipovunjwa na wabunge wake kujiunga na KANU, Moi alikuwa kwenye foleni, na mwezi uliofuata akateuliwa Waziri wa Masuala ya Ndani. Januari 1967 akawa Makamu wa Rais.

Hapo ndipo tofauti ya kwanza inapoonekana. Moi hakupoteza kiti chake cha Baringo hata mara moja hadi alipostaafu mwaka 2002. Kila mlango wa serikali ulipofunguka, yeye alikuwa amesimama karibu nao. Toweett alikuwa nje katika miaka ile mitano au sita ambayo vyeo vya taifa jipya vilikuwa vikigawanywa.

Alirudi mwaka 1969. Katika uchaguzi wa Desemba mwaka huo wabunge wengi walibwagwa, na watu wa Buret wakamchagua. Rais Kenyatta alimteua moja kwa moja kuwa Waziri wa Elimu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilizaliwa rasmi mwaka 1970 akiwa katika ofisi hiyo.

Mtihani wake mkubwa ulikuja Desemba 1973, Rais alipotangaza kuondolewa kwa karo katika madarasa ya kwanza manne ya shule za msingi. Idadi ya wanafunzi iliruka kutoka zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1973 hadi zaidi ya milioni 2.7 mwaka 1974. Madarasa hayakutosha, madawati hayakutosha, na maelfu ya watu wasio na mafunzo ya ualimu waliajiriwa kufundisha. Shule zikaanza kutoza ada za ujenzi, na baadhi ya wazazi wakajikuta wakilipa zaidi ya ile karo iliyofutwa. Tangazo lilikuwa la Rais, bali maswali yalikuwa yakielekezwa kwa wizara.

Baada ya uchaguzi wa 1974 alihamishiwa wizara ya Makazi na Huduma za Jamii, kisha akarejeshwa Elimu mwaka 1976. Mwaka huo ndio uliokuwa kilele cha maisha yake ya hadharani. Kuanzia Oktoba, Nairobi iliandaa Mkutano Mkuu wa 19 wa Unesco, wa kwanza kufanyika barani Afrika, na Toweett ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wake. Wajumbe wa mataifa ya dunia waliketi chini ya uenyekiti wa mtoto wa Kericho.

Mwezi huo huo wa Oktoba, wanasiasa wa humu nchini walikuwa na shughuli nyingine. Kundi la vigogo lilikuwa likizunguka kutaka katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asishike hatamu kwa siku 90 endapo Rais angefariki. Aliyelengwa alikuwa Moi. Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo aliwazima kwa kuwaonya kwamba kuwazia kifo cha Rais ni kosa kubwa kisheria.

Matukio hayo mawili, yakiwekwa bega kwa bega, yanasema mengi. Cheo cha kimataifa cha Toweett hakikumwingiza katika mizani ya urithi wa urais. Mtu ambaye wapinzani wake walimwona kuwa wingu la kupita ndiye aliyekuwa na cheo, kiti na watu wa kumlinda. Kenyatta alipofariki Agosti 22, 1978, Moi aliapishwa siku hiyo hiyo.

Wakati huo Toweett alikuwa amekamilisha shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi kuhusu isimu ya lugha ya Kikalenjin. Mwaka 1979 vitabu vyake vilichapishwa na Kenya Literature Bureau: uchunguzi wa isimu ya Kikalenjin, historia simulizi ya Wakipsigis, na kamusi ndogo ya nomino za Kiingereza, Kiswahili na Kikalenjin. Ni kazi ambazo wasomi wa lugha hiyo wangali wanazirejelea.

Mwaka ule ule, mwezi Novemba, wapigakura wa Buret walimnyima kiti. Aliyemshinda ni Dkt Jonathan Ng'eno, ambaye baadaye alikuwa waziri na hatimaye Spika wa Bunge.

Ni rahisi kusema kwamba wakulima wa Buret walimkataa msomi kwa sababu ya usomi wake. Ukweli hauko hivyo. Waliyemchagua badala yake alikuwa msomi vilevile, mwenye cheo cha Daktari. Kisomo hakikumwangusha Toweett, wala hakikumwokoa. Mbunge huulizwa habari za barabara ya kupeleka majani chai mabichi kiwandani kabla hayajaharibika, za zahanati na za nafasi za shule. Mwenye majibu ya karibu ndiye anayeaminiwa. Mcheza kwao hutuzwa, lakini sharti aonekane akicheza.

Kushindwa huko kulikuwa na uzito kuliko kupoteza kiti cha ubunge. Chini ya katiba ya wakati huo, Rais alitakiwa awe pia mbunge aliyechaguliwa na eneobunge. Marekebisho ya mwaka 1968 yalikuwa yamepiga marufuku wagombea wa kujitegemea. Tangu KPU ilipopigwa marufuku mwaka 1969, chama kilikuwa kimoja tu, na mwaka 1982 hali hiyo ikaandikwa katika katiba. Kwa hiyo, mtu asiye na kiti na asiye na nafasi ndani ya KANU hakuwa hata na ukumbi wa kuwauliza Wakenya kama wanamtaka.

Toweett aliendelea kuhudumu katika mashirika ya umma, yakiwemo Kenya Airways na Kenya Literature Bureau. Kati ya mwaka 1997 na 2000 alichapisha gazeti lake mwenyewe, Voice of Rift Valley.

Wakati huo milango ilikuwa imefunguliwa kidogo. Kifungu cha 2A kiliondolewa katika katiba Desemba 1991 na vyama vingi vikarudi. Mwaka 1997 wasomi walijitosa: Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, na Dkt Katama Mkangi, mwanasosholojia na mwandishi wa riwaya za Kiswahili. Hakuna kati yao aliyefikia asilimia moja ya kura. Mwaka 2013 Profesa James ole Kiyiapi, aliyekuwa Katibu wa Wizara ya Elimu na mzaliwa wa Trans Mara, jirani kabisa na Bomet, naye hakufikia asilimia moja.

Katiba ya 2010 imekwisha kuondoa vikwazo vingi vilivyokuwapo enzi za Toweett. Mgombea wa kujitegemea anaruhusiwa, na Rais hahitaji tena kuwa mbunge. Lakini mshindi anatakiwa apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Sheria imemfungulia mgeni mlango, lakini imeweka mizani ambayo hakuna awezaye kuinua bila mtandao wa watu kijiji kwa kijiji.

Jibu ambalo maisha ya Toweett yanatoa, basi, halimpendezi msomi wala mwanasiasa. Kwa msomi, linasema kwamba uwezo haugeuki kuwa imani ya watu wenyewe kwa wenyewe. Profesa Maathai alilielewa hilo. Mwaka 2002 aliwania kiti cha Tetu, nyumbani kwao, akashinda kwa kishindo, na mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani akiwa mbunge na waziri msaidizi.

Kwa mwanasiasa, linasema kwamba ngazi iliyolindwa na chama kimoja kwa miaka mingi iliwafungia nje watu ambao taifa lingeweza angalau kuwasikiliza. Kama Wakenya wangemtaka Toweett au wasingemtaka, hawakuwahi kupewa nafasi ya kuamua.

Alifariki wiki chache kabla ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Matokeo yake yalipozozaniwa, mashamba ya chai ya Kericho yalikuwa miongoni mwa sehemu zilizokumbwa na ghasia, na maelfu ya wafanyakazi wa jamii nyingine wakayakimbia. Hofu juu ya ardhi, ile ile aliyoipeleka Lancaster House akiwa kijana wa KADU, ilikuwa bado haijapata jibu.