NANA ASMA'U, MWALIMU WA WANAWAKE WA SOKOTO



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha Ijumaa nyingine, na tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Leo tukumbuke maisha ya mwanamke Mwafrika ambaye kwake sisi tunaofundisha watoto ibada na mavazi ya dini tunaweza kujipima.

Nana Asma'u alizaliwa mwaka 1793, kaskazini ya nchi ambayo leo ni Nigeria. Baba yake alikuwa Shehu Usman dan Fodio, mwanachuoni mkubwa. Alizaliwa pacha na Hassan, na kwa desturi angeitwa Husaina. Shehu akamwita Asma'u, jina la Asmaa binti Abubakar (r.a.), yule aliyepasua mshipi wake ili afunge chakula cha Mtume (s.a.w.) na cha baba yake wakati wa Hijra.

Shehu aliwakemea wanachuoni waliosomesha umati wa wanafunzi huku wake zao na binti zao wakibaki katika ujinga. Naye hakuishia kukemea wengine: binti yake alisomeshwa nyumbani, akajua Kiarabu, Kifulani, Kihausa na Kituareg. Mwaka 1804 familia ilihama, na vita na watawala wa Gobir vikaanza. Mwaka 1807 aliolewa na Gidado, aliyekuja kuwa waziri wa Sokoto. Alilea watoto, akasimamia nyumba kubwa, na bado akaandika. Mashairi yake yaliyobaki yanazidi 50.

Vita viliacha wajane, wakimbizi na wanawake waliotekwa. Wengi walikuwa Waislamu kwa jina tu. Hawakujua kutawadha wala kuswali, na wengine walikuwa bado wanafuata bori, yaani ibada ya pepo. Je, angewangoja wajirekebishe kwanza ndipo awapokee?

Hapana. Kuanzia miaka ya 1830 hivi aliunda kundi lililoitwa Yan Taru, maana yake wale wanaokusanyika pamoja. Kila sehemu ilikuwa na kiongozi wake mwanamke, aliyeitwa jaji. Jaji aliongoza wanawake wazee na wasichana wadogo mpaka Sokoto, na mama wenye watoto wadogo walibaki nyumbani wakingoja somo liwafikie. Walileta sadaka, na Nana Asma'u aliigawa kwa wenye shida. Aliwafundisha kwa mashairi ya Kihausa na Kifulani juu ya swala, zaka, saumu na maisha ya Mtume (s.a.w.). Asiyejua kusoma alihifadhi kwa kusikia. Wakirudi vijijini, jaji aliwafundisha wengine.

Sasa tutazame mavazi. Jaji alipokabidhiwa kazi alivikwa malfa, kofia kubwa ya nyasi laini zilizosukwa, pamoja na kitambaa chekundu cha kuifunga. Huko Gobir, kofia ya namna hiyo ilikuwa alama ya mwanamke mkuu wa bori. Nana Asma'u hakuichoma. Aliiondolea kazi ya zamani akaipa kazi mpya. Aliyekutana na mwanamke wa malfa njiani alijua kwamba huyu amebeba elimu. Vazi lilikuwa amana, na elimu ndiyo iliyolitangulia.

Tena aliwausia wanawake wajistahi na wasitoke nyumbani bila sababu, lakini kutafuta elimu alikuhesabu kuwa sababu nzuri ya kutoka.

Nana Asma'u alifariki mwaka 1864, na ndugu yake Maryam akaendeleza kazi. Yan Taru wapo Nigeria hata leo.

Ndugu zangu, ni rahisi kumrudisha nyumbani binti aliyefika madrasa bila mtandio. Dakika moja tu, naye pengine harudi tena. Kazi ni kumkalisha, kumfundisha kutawadha na kuswali, kumweleza sitara ni nini na ni kwa ajili ya nani, mpaka siku atakapojifunika mwenyewe akijua anamtii Mola wake. Na wewe baba unayedai binti yako avae hijabu, umemfundisha nini mwaka huu?

Mwenyezi Mungu amrehemu Nana Asma'u, awape walimu wetu subira, na awajaalie binti zetu elimu na sitara. Amin.

Karatasi hii imeandikwa jina la Mwenyezi Mungu. Tafadhali usiitupe ovyo. Ukimaliza, mpe jirani.