Leonhard Euler, mzee wa michoro aliyepoteza macho

Mtu wa Lubunga anayekwenda Masako anaijua njia yake. Anavuka mto Kongo kwa pirogi, anashuka upande wa Makiso, anapita daraja la Tshopo, halafu anafuata barabara ya zamani ya Buta mpaka msituni. Sasa mwambie aichore njia hiyo kwenye mchanga. Hatachora kila nyumba na kila mwembe. Ataweka nukta kwa kila pahali na mstari kwa kila kivuko, basi.

Mchoro mdogo wa namna hiyo njo watengenezaji wa programu za kompyuta wanatumia leo kabla ya kuanza kazi. Aliyefungua njia ya kufikiri hivyo hakuona kompyuta hata siku moja. Jina lake ni Leonhard Euler.

Alizaliwa Basel, Uswisi, tarehe 15 Aprili 1707. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, na alitaka mtoto naye ashike kazi hiyo. Lakini Johann Bernoulli, mwalimu mkubwa wa hesabu pale Basel, aliona kipaji cha kijana, na mwishoni baba alikubali. Mwaka 1727, akiwa na miaka 20, Euler alikwenda Saint Petersburg, Urusi, kufanya kazi katika Akademia ya sayansi. Kumbe nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa upande wa mambo ya mwili na uganga! Aliichukua hivyo hivyo, na baadaye akapata nafasi ya hesabu.

Wakati ule watu wa mji wa Königsberg, ambao leo unaitwa Kaliningrad, walikuwa na swali lao. Mto uligawa mji wao sehemu 4, na madaraja yalikuwa 7. Je, mtu anaweza kutembea na kupita kila daraja mara moja tu, bila kurudia hata moja? Wengi walijaribu kwa miguu na hakuna aliyefaulu. Lakini kushindwa kwa watu mia hakuonyeshi kama njia haiko. Labda wa mia na moja ataipata.

Euler mwenyewe aliona swali hilo halina uhusiano mkubwa na hesabu. Lakini halikumwachilia. Mwaka 1735 alileta jibu lake mbele ya Akademia. Aliacha urefu wa madaraja, aliacha upana wa mto, akabaki na mambo mawili tu: sehemu na viungo vyake. Fikiri mwenyewe: ukiingia sehemu kwa daraja moja, lazima utoke kwa lingine. Kwa hiyo madaraja ya kila sehemu yanakwenda mawili mawili, isipokuwa pale unapoanza na pale unapomalizia. Sasa, Königsberg kisiwa kilikuwa na madaraja 5, na sehemu zingine tatu kila moja 3. Zote nne ni namba zisizogawanyika kwa mbili. Basi, safari ile haiwezekani. Hakuna haja ya kuchosha miguu tena.

Yeye alitumia herufi; michoro ya nukta na mistari ilikuja baadaye, kwa wale waliofuata nyayo zake. Na tusifikiri ni akili ya Ulaya peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, msafiri Emil Torday alikuta watoto wa Bakuba, kule Kasai, wakichora mapambo kwenye mchanga kwa mstari mmoja, bila kuinua kidole wala kurudia njia. Ni swali lile lile.

Mwaka 1741 Euler alihamia Berlin. Huko, kuanzia 1760, aliandikia binti mmoja wa ukoo wa kifalme barua nyingi za kumfundisha sayansi. Ili kumwonyesha namna ya kufikiri sawasawa, alitumia maduara. Kila kapitaine ni samaki: duara dogo ndani ya kubwa. Baadhi ya Wagenia ni wavuvi: maduara mawili yanapandana. Hakuna pirogi ambayo ni samaki: maduara yako mbalimbali.

Lakini macho yalikuwa yanakwisha. Jicho la kuume lilikuwa limeharibika tangu 1738. Aliporudi Saint Petersburg mwaka 1766, la kushoto nalo likaingia giza. Mwaka 1771 nyumba yake iliungua, na mtu wa kwao Basel, Peter Grimm, njo alimtoa ndani ya moto. Mwaka huo huo alipasuliwa jicho, akaona tena kidogo, kisha giza likarudi. Miaka miwili baadaye mke wake Katharina alifariki. Watoto wao walikuwa 13, na 8 walikufa wangali wadogo.

Pamoja na hayo yote, kazi haikusimama. Alishika mambo kichwani, akawasomea wanawe na wasaidizi, wao wakaandika. Karibu nusu ya maandishi yake yote, ambayo yanapita 800, yalitoka katika miaka ile ya mwisho. Alifariki tarehe 18 Septemba 1783.

Mwaka 1997 wahandisi wa programu walikubaliana juu ya lugha moja ya michoro, UML, yenye visanduku, mistari na mishale. Anayetengeneza programu ya karo ya shule anachora kwanza: mwanafunzi hapa, mtunza pesa pale, risiti inatoka wapi. Kama kuko mstari unaokosa, anauona mapema, wakati kosa bado linafutwa kwa mkono. Ukisubiri mpaka programu iko kazini, kosa lile linakula pesa za wazazi.

Kijana wa Masako asiye na kompyuta anaweza kuanza leo. Kijiti kiko, mchanga uko.