Marc Isambard Brunel

Marc Isambard Brunel (Hacqueville, Ufaransa, 25 Aprili 1769 – London, Uingereza, 12 Desemba 1849) alikuwa mhandisi mzaliwa wa Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kujenga Handaki la Thames mjini London, la kwanza duniani kupita chini ya mto unaotumiwa na meli.

Maisha

Alitumikia jeshi la majini la Ufaransa. Kwa kuwa alimuunga mkono mfalme, mwaka 1793 alikimbilia Marekani kutokana na mapinduzi. Mwaka 1799 alihamia Uingereza akamwoa Sophia Kingdom. Mtoto wao, Isambard Kingdom Brunel, alikuwa pia mhandisi mashuhuri.

Alibuni mashine za kutengeneza kapi za meli za kivita huko Portsmouth. Hata hivyo, biashara nyingine zilimletea hasara, na mwaka 1821 alifungwa kwa sababu ya madeni hadi serikali ilipomsaidia kuyalipa.

Handaki la Thames

Chini ya mto Thames kuna matabaka ya udongo wa mfinyanzi, mchanga na changarawe. Mfinyanzi huzuia maji, lakini mchanga na changarawe huyapitisha. Jaribio la awali, chini ya Richard Trevithick, liliachwa mwaka 1808 baada ya maji kuingia.

Mwaka 1818 Brunel alisajili hataza ya ngao ya kuchimbia, akiiga kiumbe wa baharini anayetoboa mbao za meli. Ngao iliyotumika ilikuwa na vyumba 36, kila kimoja kikiwa na mchimbaji mmoja. Ilipokuwa ikisogezwa mbele, waashi walijenga kuta za matofali nyuma yake.

Kazi ilianza Rotherhithe mwaka 1825. Brunel alikuwa ameambiwa kwamba tabaka la mfinyanzi halikatiki, lakini lilikuwa na mapengo. Mei 1827 mto ulivunja paa la handaki. Tundu lilizibwa kwa magunia ya mfinyanzi. Mafuriko ya Januari 1828 yaliua watu sita, na mtoto wake alinusurika kwa shida. Kwa kukosa fedha, kazi ilisimama kwa miaka saba, ikaendelea kwa mkopo wa serikali.

Handaki, lenye urefu wa karibu mita 400, lilifunguliwa kwa watembea kwa miguu tarehe 25 Machi 1843. Tangu mwaka 1869 linapitisha treni. Ngao za namna hiyo, zilizoboreshwa na wahandisi waliofuata, zilitumika kuchimba mahandaki mengi ya reli za chini ya ardhi.