Fridtjof Nansen: Aliyewapatia Wakimbizi Hati ya Kusafiria

Kama wewe ni mkimbizi unajua uzito wa karatasi. Bila kitambulisho, hata kusajili laini ya simu ni shida. Na kama wewe ni mwenyeji, huenda umemwona jirani mwenye ufundi mikononi akikaa bure kwa sababu hana hati ya kumwezesha kwenda kwenye kazi.

Shida hii si ya leo. Miaka mia moja hivi iliyopita ilishughulikiwa na Fridtjof Nansen, Mnorwe aliyezaliwa mwaka 1861 karibu na mji ambao sasa unaitwa Oslo.

Usidhani alianza na kazi za misaada. Alikuwa mwanasayansi wa viumbe na msafiri wa nchi za barafu. Mwaka 1888 alivuka Greenland na wenzake watano. Wawili kati yao walikuwa Wasami, jamii ya watu wachache wa kaskazini.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, lilimkabidhi kazi ya kuwarudisha makwao wafungwa wa vita. Zaidi ya watu 400,000 walirudi. Mwaka 1921 aliteuliwa kuwa Kamishna Mkuu wa wakimbizi kutoka Urusi. Watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamekimbia mapinduzi na vita, na mwaka huohuo serikali mpya ya huko ikawafutia wengi wao uraia. Wakawa hawana nchi. Hawakuweza kurudi, na hawakuweza kwenda mbele.

Nansen aliona kwamba chakula peke yake hakitoshi. Mwaka 1922, huko Geneva, serikali kadhaa zilikubaliana juu ya hati iliyokuja kuitwa pasipoti ya Nansen. Haikumpa mtu uraia. Ilieleza yeye ni nani, na kwa hiyo aliweza kuomba ruhusa ya kuvuka mpaka na kutafuta kazi. Baadaye zaidi ya nchi 50 ziliitambua, na kuanzia mwaka 1924 Waarmenia nao walipewa. Mwanamuziki Igor Stravinsky na mchoraji Marc Chagall waliwahi kuitumia. Mwaka huohuo wa 1922 Nansen alipata Tuzo ya Nobel ya Amani.

Lakini hakuwa malaika. Aliunga mkono mpango wa mwaka 1923 wa Ugiriki na Uturuki kubadilishana watu kwa kufuata dini zao. Zaidi ya watu milioni moja walipoteza makwao, wengi bila kuulizwa kama wanataka. Hapo tunajifunza kwamba kuwatenganisha majirani si sawa na kuwapatanisha.

Nansen alifariki mwaka 1930. Tangu mwaka 1954 Umoja wa Mataifa hutoa tuzo yenye jina lake kwa wanaowatumikia wakimbizi. Mwaka 1983 ilipewa Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania.

Wewe na mimi hatuwezi kutoa pasipoti. Lakini katika kikundi chako cha akiba, kamati ya maji au kamati ya shule, fungua daftari la wanachama utazame nani hayumo: mgeni aliyefika juzi, mlemavu, mjane, au mwenyeji wa kijiji cha jirani. Kumwandika jina lake ndiyo hatua ya kwanza.